Nani Atamwambia Jemadari?

9 Februari

Kwa binti yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi huku hatujambo. Goti la mama yako limetulia, ila mdomo haujatulia. Anasema nikuambie unakula kidogo mno, wala hajui unakula nini. Hapa dukani pasi ya mvuke imekufa, nimerudia ile ya zamani, nzito kama deni la mkwe. Wateja hawajui tofauti. Shati likinyooka, limenyooka.

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Simu ipo na salio lipo. Ila nimejiandikisha masomo ya jioni, nataka nifanye ule mtihani wa sekondari nilioukimbia nikiwa kijana. Usiniulize kwa nini. Mtu akiwa anakula haulizwi kwa nini anakula. Mwalimu wetu anasema asiyeandika nje ya darasa hataandika ndani ya chumba cha mtihani, basi kila mmoja wetu atafute mtu wa kumwandikia. Mwalimu huyo tunamwita Kwa Hiyo, maana hawezi kumaliza sentensi bila hayo maneno mawili. Juzi aliingia akasema, "Kwa hiyo, habari za jioni?" Darasa zima likaangua kicheko, naye hakujua tunacheka nini.

Sasa nije kwenye haja yangu. Tumepewa tamthilia moja ya kale, tanzia iliyotafsiriwa kutoka ng'ambo, na wewe ndiwe msomi wa fasihi nyumbani kwetu. Ni habari ya Jemadari anayelinda mji uliozingirwa na maadui. Mwanawe wa pekee anauawa darajani siku ya kwanza ya vita. Tarishi analeta habari usiku, lakini mke wa Jemadari na yule Mshauri wanamzuia. Wanasema asiambiwe hadi vita viishe, akijua atavunjika moyo na mji utaanguka. Basi wote wanafunga midomo, na Jemadari anaendelea kupanga harusi ya mwanawe, harusi ya maiti.

Nimeisoma mara mbili nikashindwa kuelewa. Mbona hakuna anayemwambia? Watu wote wale wanampenda. Na tukiambiwa "jadili dhamira na wahusika" tunatakiwa kufanya nini hasa? Mimi nikijadili na mteja huwa tunaishia kugombana.

Nisaidie, mwalimu wangu.

Babaako


6 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, masomo ni mengi na siku ni fupi. Mimi sijambo. Mwambie mama ninakula, tena vizuri.

Nimecheka peke yangu hadi watu wakanigeukia. Wewe darasani! Unakaa dawati la mbele au la nyuma? Usikubali la nyuma, huko ndiko wanakolala.

Tuanze na wahusika. Usimweleze mhusika kama mtu anayetoa ushahidi polisi, mrefu, mnene, ana ndevu. Jiulize mambo mawili. Anataka nini? Na kitu gani ndani yake kinamzuia kukipata? Mke anataka kuokoa mji na kumwokoa mumewe, lakini amezoea kumbebea mumewe kila kitu, hata pale mzigo usipokuwa wake. Mshauri anataka ushindi, basi. Yule Mchekeshaji wa nyumbani kwa Jemadari ndiye pekee anayejaribu kusema, ila kwa vitendawili, kwa sababu anaogopa. Tarishi ni mtiifu hata pale utii unapokuwa kosa. Na Jemadari mwenyewe amewazoesha watu kwamba yeye ni ukuta. Nani atampelekea ukuta habari za msiba?

Dhamira ni lile jambo linalobaki mkononi ukishawasahau wahusika wote. Kwenye tamthilia hii ni uficho. Watu wanaficha kwa mapenzi, na mapenzi yenyewe ndiyo yanayoua.

Umeuliza mbona hawamwambii. Nadhani kila mmoja alisubiri siku nzuri ya kusema. Siku ya kwanza ilikuwa mbaya kwa sababu habari ilikuwa mbichi. Siku ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sasa angeuliza, "Na jana?" Uficho, baba, haukai ulipouweka. Unakua.

Barua za chuo zinapotea siku hizi. Tumia sanduku la posta nililoandika nyuma ya bahasha, ni la rafiki yangu.

Mwanao


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako goti limeanza tena, ila anapanda ngazi akiliimbia. Jirani wa juu amenunua mbwa. Mbwa anatuogopa sisi, na sisi tunamwogopa jirani.

Barua yako nimeisoma darasani. Si yote, ile sehemu ya ukuta tu. Kwa Hiyo akasema, "Kwa hiyo, huyo binti yako yuko mwaka wa ngapi?" Nikamwambia wa tatu. Muuguzi ninayekaa naye dawati moja, mama mmoja wa wodi ya wazazi, akanakili kila neno. Na ndiyo, tunakaa mbele. Huko nyuma kuna dereva wa gari la maji anayekoroma.

Tatizo ni kwamba kitabu hiki kinaniharibia kazi. Nimekiegemeza ukutani nyuma ya meza ya kupigia pasi, nasoma huku mkono unakwenda. Jana nilifika pale mke anapoambiwa, halafu anauliza kama chakula cha jioni kimeiva, kana kwamba hakusikia. Nikasimama. Pasi nayo ikasimama. Kola ya shati la hakimu ikapata rangi ya mkate. Hakimu mwenyewe ni mtu mwema, alisema tu, "Dobi, leo umenihukumu wewe." Nimemtafutia kola nyingine.

Na macho nayo yananisumbua. Herufi zinacheza.

Sasa hoja yangu. Unakumbuka kile chakula cha jioni cha siku ya pili? Jemadari anaagiza vikombe viwili, chake na cha mwanawe. Halafu anavitazama, anamwambia mtumishi, "Kimoja kiondoe." Basi. Hakuna anayeeleza kwa nini. Mimi nasema anajua. Anajua mwana amekufa, na anawaacha waendelee kuficha kwa sababu ameona jinsi wanavyohangaika kumkinga. Kwa Hiyo amekataa. Kwenye karatasi yangu ameandika kwa wino mwekundu: "Hoja bila ushahidi."

Wewe unasemaje? Na huyo mwalimu wako wa tanzia, yule uliyeniambia anavaa tai fupi, angesemaje? Muulize.

Babaako


28 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya muda mrefu. Nilikuwa na mafua, kisha kazi nyingi. Kazi za darasani. Likizo sitakuja, tumepangiwa mambo ya maktaba.

Kuhusu macho. Ukinyoosha mkono wote ndipo herufi zinatulia, au ukiukunja nusu? Ukisoma jioni kichwa kinauma mbele au pembeni? Usinunue miwani ya barabarani, lenzi zake zinapotosha, utaona mstari mmoja kama miwili. Nimekutumia jozi moja kwa mzigo wa basi, fremu nyepesi kwa sababu pua yako ni nyembamba juu. Ikiteleza usikunje mikono yake mwenyewe, ipashe kwanza kwa maji ya vuguvugu. Ni ya rafiki, hakuihitaji.

Kuhusu Jemadari, niko upande wa mwalimu wako. Kikombe kimoja hakitoshi. Kama anajua, kwa nini siku ya nne anamchinja Tarishi mbele ya jeshi, baada ya mateka wa adui kuropoka habari ya kifo? Mtu anayejua hashtuki hivyo. Ukitaka kuitetea hoja yako lazima ueleze hasira ile. Bila hivyo, wino mwekundu ni halali yako.

Huyo wa tai fupi sijamuuliza. Hayupo.

Mwanao


10 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Miwani imenikaa kama nilizaliwa nayo. Mama yako anasema nafanana na meneja wa benki aliyefukuzwa. Ahsante, na umshukuru rafiki yako.

Insha ya mwisho nimepata alama hamsini na tano kwa mia. Muuguzi sabini. Nimempongeza huku moyo ukiniuma. Hoja yangu ya hasira bado naitafuta.

Sasa kuna jambo. Mama yako ameamua kuja huko. Anataka akuone chuoni, alale bwenini kwako, awasalimie walimu wako mmoja mmoja. Ameshanunua kanga mpya za kuwapa wenzako wa chumbani. Nimemwambia asubiri goti lipone. Ameniangalia kwa jicho fulani, akasema sawa. Lakini goti lenyewe sasa limepona, mwanangu. Wiki hii ameshuka ngazi bila kuimba.

Babaako


11 Juni

Baba,

Shikamoo. Sijui salamu za mbele nizipange vipi, kwa hiyo nitaziacha. Umeona, na mimi nimeambukizwa.

Mama asije chuoni. Sipo chuoni. Niliondoka mwaka jana, mwezi wa tisa. Mitihani ya mwaka wa pili nilianguka, masomo matatu. Waliniambia nirudie mwaka. Nilisimama mbele ya ubao wa matokeo, wenzangu wakipiga picha, nikajiona nikirudi kukaa na wanafunzi wadogo zangu kwenye viti vilevile. Sikuweza. Nikasema nitapumzika kidogo, nitawaambia nikishajipanga. Kisha ikawa Oktoba. Kisha mama akapiga simu akiniombea heri ya mwaka wa tatu, nami nikasema ahsante.

Nafanya kazi kwenye duka la miwani. Napima watu fremu na kusafisha lenzi. Mama mwenye duka ni mkali, lakini ni mwadilifu. Ninakula, hilo si uongo.

Ulikuwa ukiniuliza habari za tamthilia, nami nikawa nangoja barua zako kama mtu anayengoja kuitwa jina. Lakini kila niliposaini "mwanao" nilijiona Mshauri.

Usimwambie mama. Hapana, mwambie. Sijui.

Mwanao


16 Juni

Mwanangu,

Nimekuandikia siku ileile niliyoipata barua yako, na mashati ya watu yamelala kikapuni.

Nilijua.

Januari nilikuja huko kununua sabuni ya jumla. Nikasema nipite chuoni nikushtue. Nilikuwa nimekupigia pasi lile gauni lako la bluu, nimelibeba kwenye hanga njia nzima, watu kwenye basi wakidhani napeleka mahari. Mlinzi wa bweni akaniambia, "Mzee, huyo alishaondoka. Wenzake wanasema yuko duka la miwani, pale karibu na benki."

Nikaenda. Nikasimama ng'ambo ya barabara, chini ya kibaraza cha benki. Ulikuwa unamvisha bibi mmoja miwani. Ulimshika kidevu, ukamgeuza taratibu kwenye mwanga, ukamwinulia kioo. Yule bibi alijiona akacheka, nawe ukacheka naye. Nikasema moyoni, mtoto wangu mzima, anafanya kazi, anacheka. Nikivuka barabara hii na gauni mkononi, kicheko kile nitakiua mimi. Basi sikuvuka.

Njiani kurudi nilitafuta neno la kukuandikia, nikalikosa. Ningesema "najua," ungejificha mbali zaidi. Ningekaa kimya, tungezoea kimya. Stendi kulikuwa na tangazo la masomo ya jioni. Nikawaza, nikiwa mwanafunzi nitakuwa na la kumuuliza. Baba na binti wakiwa na la kuulizana hawajapotezana. Hivyo ndivyo nilivyoingia darasani. Kukipenda kitabu kulikuja baadaye, na hilo ni kosa la kitabu.

Mama yako sijamwambia. Hilo ni lako, nenda nalo mwenyewe. Umpigie, usimwandikie. Hasomi barua, anazikagua.

Sina hasira. Nilikuwa nayo Januari, kama siku tatu hivi. Niliwapigia watu pasi suruali zikatoka na mikunjo miwili miwili.

Babaako


3 Julai

Baba,

Shikamoo.

Nilicheka, nikalia, kisha nikakasirika, na hasira ndiyo iliyobaki, kwa hiyo nikuandikie ikiwa bado moto.

Ulisimama ng'ambo ya barabara! Miezi mitano nimekuwa nikibuni maktaba, mafua na likizo, nakesha nikiwaza nitakwama wapi, na wewe unasoma uongo wangu ukijua ni uongo. Ukanihurumia, sawa. Lakini huruma yako iliniacha peke yangu mle ndani. Kama Jemadari wako alijua akanyamaza, basi naye ana lawama. Aliwatazama watu wake wakibeba mzigo ambao angeweza kuwatua kwa neno moja. Na hiyo ndiyo hasira yake unayoitafuta, baba. Hakumchinja Tarishi kwa sababu ya habari mpya. Alimchinja kwa sababu habari imesemwa hadharani, na sasa hawezi tena kujifanya hajui. Nimeandika hayo kwa kukukaripia, nikagundua nimekutetea. Andika hivyo, uone Kwa Hiyo atasema nini.

Nimempigia mama. Nilisema yote kwa pumzi moja. Yeye akauliza tu, "Umekula?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya." Akakata.

Asubuhi ya pili nikiwa kwenye kaunta, nikamwona anaingia na kikapu. Hakunisalimia. Alimpa mkono mama mwenye duka, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema, "Nipimeni macho, maana inaonekana nyumbani kwangu mimi ndiye sioni." Nilimpima. Alisoma herufi zote hadi mstari wa mwisho kabisa. Macho yake hayana kasoro hata kidogo. Kisha akanishika uso kwa mikono miwili, mbele ya wateja, akasema, "Mwanangu, kuanguka mtihani ni kuanguka mtihani. Mimi nilidhani unaumwa." Hapo nikalia, wateja wakajifanya wanachagua fremu.

Halafu akauliza wewe ulijua tangu lini. Sikukuficha. Jiandae.

Mwanao


22 Novemba

Mwanangu,

Nilijiandaa na bado sikuwa tayari, lakini hayo yamepita. Mama yako alinisemesha kwa mafumbo wiki mbili nzima. Nikiuliza chumvi iko wapi ananijibu, "Si wewe hujua kila kitu?"

Mtihani wa fasihi tumefanya jana. Darasa zima linakusalimu, hasa Muuguzi. Tangu ulipokuja ile wiki ya Agosti ukatufundisha, anakuiga hata namna unavyoshika chaki. Kwa Hiyo naye anasema ukirudi atakuachia kipindi kizima, yeye akae nyuma na dereva wa maji.

Swali lilikuwa: "Jemadari ni mhanga wa wengine au wa nafsi yake? Jadili." Mkono uliniuma, lakini niliandika kurasa sita. Nilisema wote walimpenda na wote walimkosea, naye akawakosea wote kwa kuwatazama. Nilieleza kikombe, na hasira nikaieleza kama ulivyonifundisha. Kisha nikaongeza la kwangu. Nilisema pale mwisho, mji unapoingiliwa naye amekaa chini amemkumbatia Tarishi aliyemuua kwa mkono wake, ndipo kwa mara ya kwanza anaita jina la mwanawe. Kama angeliita siku ya pili, pale mezani, wangelia wote pamoja, na kesho yake wangekwenda vitani wamevimba macho. Pengine mji ungeanguka vilevile. Lakini wangeanguka wakiwa pamoja. Msimamizi akasema, "Kalamu chini," nami nikaweka.

Hesabu ni kesho. Hesabu sina la kusema.

Babaako


25 Januari

Mwanangu,

Mama yako hajambo, mbwa wa jirani sasa anatupenda. Matokeo yametoka.

Fasihi nimepata B. Kwa Hiyo alinikumbatia, nusura anivunjie miwani. Kiswahili C, historia C. Hesabu nimeanguka, tena si kuanguka kwa kujikwaa, ni kule kwa mtu kutoka juu ya paa. Na bila hesabu cheti hawatoi. Muuguzi amefaulu yote, tumemfanyia sherehe, mimi ndiye niliyetoa hotuba.

Orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa shule, jina langu likiwa wazi kwa kila mpita njia. Hakimu aliliona. Akaja dukani na mashati yake akasema, "Dobi, pole." Nikamwambia ahsante, nitarudia. Akasema, "Vizuri." Akauliza shati la kijivu litakuwa tayari lini. Hivyo tu, mwanangu. Nilikuwa nimejikaza kwa ajili ya jambo kubwa, kumbe lilikuwa na ukubwa huo tu.

Muhula unaanza Jumatatu. Nitakaa dawati lilelile, na wanafunzi wapya, wadogo kuliko wewe. Mama yako amenichongea penseli tatu na kunipigia pasi shati, mimi dobi, eti siku ya kwanza sharti nipigiwe.

Uliniambia chuo kinakupa nafasi ya kurudia mwaka kama utajiandikisha kabla ya mwezi huu kwisha. Sikuulizi. Nakupa habari zangu tu.

Babaako, mwanafunzi wa kurudia


30 Januari

Baba,

Shikamoo, na pole ya hesabu.

Mama mwenye duka amenikubalia nifanye kazi Jumamosi tu. Leo asubuhi nilikwenda chuoni. Karani wa usajili aliniuliza kwa sauti kubwa, mbele ya foleni nzima, "Wewe ni wa kurudia?"

Nikamjibu kwa sauti kubwa kama yake.

Na mimi naanza Jumatatu.

Mwanao